Miaka thelathini ya kungoja: kamera ya dijitali ilivyoifikia filimu, na kitu ilichosahau njiani

Mwezi wa Julai 1994, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika muda wa siku chache. Katika msongamano ule, na kipindupindu kilichofuata kambini, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina la baba au la kijiji. Mashirika yaliyowatafutia jamaa zao, yakiwemo Msalaba Mwekundu wa kimataifa na UNICEF, yalitumia pia njia moja rahisi: kumpiga mtoto picha, kumpa namba, kisha kuitundika picha hiyo mahali ambapo mama anaweza kupita akaiona.

Picha zile zilikuwa za filimu. Filimu ilipakiwa katika kamera, ikapigwa, ikapelekwa kusafishwa, ikachapwa kwenye karatasi, ndipo sura ya mtoto ikatundikwa ubaoni. Kila hatua ilikula muda. Mzazi aliyekuwa akimtafuta mwanawe alingoja kemikali ifanye kazi yake.

Mwaka huohuo, huko Marekani, kampuni ya Apple ilikuwa ikiuza kamera iliyoitwa QuickTake 100. Haikuhitaji filimu wala kemikali. Lakini ilikuwa na bei ya dola 749, na kwa ubora wake wa juu iliweza kuweka picha nane tu, baada ya hapo mwenyewe atafute kompyuta ya kuzitolea. Nayo picha, ikikuzwa kidogo tu, ilionyesha vijisanduku badala ya sura.

Kwa hiyo swali lililoulizwa na wapiga picha wa dunia nzima wakati ule lilikuwa moja: kamera ya dijitali, au numeriki kama wengi wanavyoiita Kongo, itaifikia lini filimu, na kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipa? Jibu lilichukua karibu miaka thelathini. Lilipokuja, lilikuwa na pengo ambalo familia zilizokimbia makwao zinalijua kuliko wengine.

Chembe na nukta

Filimu ni utepe wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba lenye chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hubadilika. Kemikali ya kusafishia hukamilisha badiliko hilo, na picha hutokea kinyume: cheupe kinakuwa cheusi, cheusi kinakuwa cheupe. Hiyo ndiyo negativu. Kutoka kwenye negativu moja mtu aliweza kuchapa picha kumi au mia.

Kamera ya dijitali haina chembe. Mahali pa filimu pana kipande cha silikoni, kihisi-mwanga, chenye visima vidogo vilivyopangwa kwa mistari kama mashimo ya mbegu shambani. Kila kisima hupima mwanga ulioingia na kuugeuza kuwa umeme, na umeme unaandikwa kama namba. Kila kisima kinatoa nukta moja ya picha, yaani pikseli. Nukta zikiwa chache, picha inakuwa kama ukuta wa matofali. Zikiwa nyingi, jicho halizioni tena.

Kihisi cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Willard Boyle na George Smith. Mwaka 2009 walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Lakini aliyekitia ndani ya kamera ya kubebeka alikuwa kijana wa kampuni iliyoishi kwa kuuza filimu.

Rochester, Desemba 1975

Steven Sasson alikuwa mhandisi wa Kodak katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Kwa kuunganisha vipande vya hapa na pale alitengeneza kamera yenye uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, nukta 100 kwa 100, yaani 10,000 kwa jumla. Iliandikwa kwenye kaseti ya kawaida, na kazi hiyo ilichukua sekunde 23. Ili kuiona, ilibidi kuipeleka kwenye televisheni.

Wakubwa wa Kodak walimuuliza swali ambalo lingeulizwa miaka mingi baadaye: chombo hiki kitashindana na filimu lini? Sasson alipiga hesabu akifuata mwendo ambao vifaa vya elektroniki vilikuwa vikiongezeka nguvu. Aliona zinahitajika nukta kama milioni mbili ili kuifikia filimu ndogo ya kamera za bei rahisi, na akakadiria miaka 15 hadi 20.

Milioni mbili si namba ya kubahatisha. Picha ya kawaida ya albamu ina sentimeta 10 kwa 15. Ili mtu akiishika mkononi asione nukta hata moja, inahitaji nukta kama 1,180 upande mmoja na 1,770 upande wa pili. Zizidishe: ni milioni mbili na kidogo. Kwa picha ya ukutani ya sentimeta 20 kwa 30, hesabu inapanda hadi zaidi ya milioni nane.

Makadirio ya Sasson yalikuwa karibu na ukweli, isipokuwa jambo moja. Alihesabu nukta. Bei ilifuata mwendo wake.

Kwa nini ilikuwa ghali

Mwaka 1991 Kodak ilitoa kamera yake ya kwanza ya dijitali kwa waandishi wa habari, DCS. Ilijengwa juu ya mwili wa kamera ya Nikon F3 na ilikuwa na nukta milioni 1.3. Picha ziliwekwa katika sanduku lililobebwa begani kwa waya. Bei yake ilikuwa dola kama 20,000. Kwa fedha hiyo mpiga picha angenunua filimu za maisha yake yote.

Sababu ya bei hiyo ilikuwa hasa kihisi. Silikoni hukatwa kutoka kwenye sahani ya duara, na kila sahani ina kasoro kadhaa ambazo hakuna fundi anayeweza kuziondoa zote. Ukikata vipande vidogo, kasoro inaharibu vichache na vingi vinabaki vizima. Ukikata vikubwa, kasoro ileile inakuondolea sehemu kubwa ya sahani. Fremu ya filimu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36. Kutengeneza kihisi kikubwa kiasi hicho kulikuwa hasara juu ya hasara.

Njia mbili zilifungua mlango. Ya kwanza ilikuwa kukubali kihisi kidogo kuliko filimu, chenye upana wa milimita 22 au 23 hivi. Ya pili ilikuwa aina nyingine ya kihisi, CMOS, ambayo Eric Fossum na wenzake waliiboresha katika maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hicho kiliweza kutengenezwa katika viwanda vilevile vinavyotengeneza vipande vya kompyuta, na kilitumia umeme kidogo.

Tangu hapo bei ilishuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 1999 Nikon D1, yenye nukta milioni 2.7, iliuzwa kwa dola kama 5,000. Mwaka 2000 Canon D30, nukta milioni 3.1, ilifika dola kama 3,000. Kila mwaka mtu aliyengoja alifanya hesabu: anunue sasa, au avumilie kidogo? Aliyenunua mapema alilipa sana kwa chombo kilichozeeka upesi. Aliyengoja aliendelea kulipia filimu na kusafisha.

Ubora kwa nani?

Katika ubishi wa miaka ile filimu ilisemwa kama kipimo kisicho na kasoro. Haikuwa hivyo, na watu wenye ngozi nyeusi wana haki ya kulijua.

Maabara nyingi zilizosafisha filimu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia picha ya mfano iliyotoka kiwandani. Juu yake alikuwepo mwanamke mweupe, na kadi hizo zikapewa jina la "Shirley". Ngozi yake ikionekana vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Matokeo yake, katika picha ya darasa lenye watoto weupe na weusi, weusi walibaki macho na meno. Kodak ilianza kusahihisha filimu zake baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba rangi za bidhaa zao hazitoki. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990.

Hata hivyo filimu ilikuwa na sifa ambazo dijitali ya mwanzo haikuwa nazo. Filimu ya rangi ilivumilia mwanga mwingi. Gauni jeupe la bibi harusi kwenye jua la saa sita lilibaki na mikunjo yake. Kamera za dijitali za kwanza ziliona gauni lilelile kama karatasi tupu, na kilichopotea katika weupe ule hakurudishi mtu yeyote. Gizani nazo ziliweka madoa ya rangi usoni mwa mtu. Kwa hiyo wapiga picha waliosema "bado" hawakuwa wakaidi. Waliona kwa macho.

Mwaka wa kugeuka

Mwishoni mwa 2002 Canon ilitoa 1Ds, yenye kihisi cha ukubwa uleule wa fremu ya filimu na nukta milioni 11. Wataalamu wengi waliokuwa wakibisha walikiri kwamba filimu ya milimita 35 imefikiwa. Lakini bei ilikuwa dola kama 8,000.

Jibu la mtu wa kawaida lilikuja Agosti 2003. Canon 300D, yenye nukta milioni 6.3, ilitangazwa kwa bei iliyokuwa chini ya dola 1,000. Haikuwa sawa na filimu katika kila jambo, lakini kwa picha ya albamu na hata ya ukutani ilitosha. Kutoka Desemba 1975 hadi Agosti 2003 ni miaka 28 kasoro miezi michache.

Baada ya hapo filimu ilianguka upesi. Mwanzoni mwa 2006 Nikon ilitangaza kuacha karibu kamera zake zote za filimu. Mwaka 2009 Kodak ilisimamisha Kodachrome, filimu iliyouzwa tangu 1935. Januari 2012 Kodak yenyewe, kampuni ambamo kamera ya dijitali ilizaliwa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kongo katika hesabu hiyo

Kongo haikuwa mbali na safari hii kama inavyodhaniwa. Kamera ndogo, simu na kompyuta zinahitaji vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka katika koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000, dunia ilipokuwa ikikimbilia vifaa hivyo, bei ya koltani ilipanda mara kadhaa, kisha mwaka 2001 ikaporomoka. Katika Kivu, iliyokuwa ndani ya vita, wakulima waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na wenye silaha wakafuata faida. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 iliitaja koltani miongoni mwa mali zilizokuwa zikinyonywa. Wakati mnunuzi wa mbali akingoja kamera ishuke bei, mchimbaji wa Masisi alikuwa katika mnyororo uleule bila kuiona kamera yenyewe.

Kwa Wakongo wengi, picha ya dijitali haikuja na kamera ya dukani. Ilikuja na kadi ya uchaguzi. Mwaka 2005, kwa maandalizi ya uchaguzi wa 2006, watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa nchini kote kwa mashine zenye kompyuta na kamera. Mtu alikaa mbele ya kamera, na baada ya muda mfupi akaondoka na kadi yenye sura yake. Hapakuwa na kungoja kusafishwa. Kadi hiyo ikawa kitambulisho cha watu ambao hawakuwa na kingine.

Kwa wapiga picha wa mitaani mabadiliko yalikuwa magumu zaidi. Kamera ya filimu ilihitaji betri ndogo tu, au haikuhitaji kabisa. Kamera mpya ilidai umeme wa kuchaji, kompyuta, na mashine ya kuchapia yenye wino wa bei. Katika mji ambao umeme unakuja na kukatika, "bei nafuu" ya kamera ilikuwa mwanzo wa matumizi, si mwisho. Lakini faida ilikuwa kubwa: hakuna tena filimu ya picha 36 kungojwa ijae, wala mteja kuja siku ya ahadi na kukuta ametoka macho yamefumba.

Kisha simu ikaingia. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp ilitoa Japani simu yenye kamera ya nukta 110,000, hafifu kuliko QuickTake. Miaka kumi baadaye hali ilikuwa nyingine. Mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilitoka viwandani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9, kwa sababu kila mtu alikuwa na kamera mfukoni. Waliokuwa wakingoja kamera ya bei nafuu walikuja kuipata ndani ya kitu walichonunua kwa ajili ya kuongea.

Kilichosahauliwa

Katika miaka yote hiyo ubora ulipimwa kwa vitu viwili: picha inaonekanaje, na kamera inauzwa kiasi gani. Wachache walipima cha tatu: picha itadumu miaka mingapi, na itakuwa wapi mwenyewe akikimbia?

Picha za kemikali zimeonyesha nguvu zake. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wakati wa Leopold II. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano Ulaya na Marekani, na ingali inaonekana leo, zaidi ya miaka 120 baadaye. Huko Lubumbashi, msanii Sammy Baloji alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga na kuziunganisha kwa kompyuta na picha zake mwenyewe za majengo yaliyobaki magofu, katika mfululizo aliouita "Mémoire". Kompyuta ilifanya kazi hiyo kwa sababu kuna aliyezitunza picha za karatasi na negativu tangu wakati wa Wabelgiji.

Filimu nayo haikuwa ya milele. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na watu zaidi ya laki moja wakakosa makao. Nyumba iliyofunikwa haikurudisha albamu. Negativu ilikuwa moja, na ikiungua imekwisha.

Hapo ndipo dijitali ilikuwa na jambo ambalo filimu haikuwahi kuwa nalo: nakala ya kumi ni sawa kabisa na ya kwanza, na inaweza kuwa Goma, Bukavu na Kampala kwa wakati mmoja. Lakini picha nyingi hazina nakala hata moja. Ziko katika simu moja, na simu inaibiwa, inaporwa njiani, inaanguka majini au inakufa. Hata kilichochapwa hakina uhakika: kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023 watu wengi nchini walilalamika kwamba kadi zao mpya za uchaguzi zimefutika maandishi na sura.

Kwa familia iliyohama mara mbili au tatu, hilo ni jambo zito. Picha ya marehemu baba, ya nyumba iliyoachwa Masisi au Rutshuru, ya mtoto akiwa na umri wa kutambulika, hutumika siku ya kutafutana, siku ya kudai shamba, siku ya kumwonyesha mjukuu alikotoka. Mama wa mwaka 1994 alipita mbele ya ubao kwa sababu kulikuwa na karatasi ubaoni.

Kungoja ubora kumekwisha zamani. Simu ya kawaida leo inapiga picha yenye nukta nyingi kuliko kamera ya dola 20,000 ya 1991. Kilichobaki si kazi ya kiwanda. Ni kuchagua picha chache zenye uzito, kuzituma kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti, kuweka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, na kuchapa moja au mbili. Nyuma yake yaandikwe kwa kalamu majina, mahali na mwaka, kisha ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi nyingine ambazo familia haiachi nyuma inapokimbia.